Kondoo si ng'ombe mdogo

Juzi nimemkuta mmoja wenu akimimina madini ya ng'ombe kwenye hori la kondoo, huku anapiga mluzi. Nilipomzuia akaniambia, "Mzee, si wote wanacheua?" Wanacheua, ndiyo. Basi kaeni mnisikilize.

1. Soma mfuko wa madini, utafute neno shaba. Hili sikufundishwa darasani. Nilikuwa mgeni kazini kama ninyi, nachunga kondoo kwenye shamba lenye ng'ombe pia. Madini ya kondoo yakaisha stoo, na ya ng'ombe yamejaa mpaka darini. Kungoja mzigo mpya nikaona ujinga. Wiki zikapita, kondoo wakanawiri, nami nikaanza kujisifu. Kumbe ini la kondoo hupokea shaba iliyomo kwenye madini hayo na kuirundika, kuitoa haliwezi kwa wepesi wa ini la ng'ombe, na kwa nje huoni kitu. Siku moja tukawahamisha zizi kwenye mvua. Msukosuko ule ulitosha: ini likaachia shaba kwenye damu, chembe nyekundu zikapasuka. Asubuhi jike niliyempenda kuliko wote kasimama peke yake, kope kwa ndani njano, mkojo wa kahawia iliyokolea. Nami kwa ubingwa wangu nikamnywesha dawa ya minyoo! Akafa, wakamfuata wengine. Daktari wa mifugo alipopasua mzoga, figo zilikuwa nyeusi. Akaniuliza, "Wanalamba nini?" Nikajibu nyasi na maji. Ule mfuko nilikuja kuutaja jioni, kwa simu, baada ya kuona nimebanwa. Kutwa nzima waliobaki waliendelea kulamba, kwa sababu mimi naona aibu. Kosa la hori naweza kulisimulia nikicheka. La jibu lile, hapana.

2. Minyoo: msinyweshe kundi zima kwa kufuata kalenda. Funua kope, linganisha rangi ya ndani na kadi ya FAMACHA (kadi ya rangi za kope, nyekundu hadi nyeupe, ya kupimia upungufu wa damu), mnyweshe aliyepauka, la sivyo mtafuga minyoo sugu.

3. Dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, iingie tumboni mwa mwanakondoo ndani ya saa 6 za kwanza. Hakuna mjadala.

4. Mimba ni siku 147 hivi, na wiki 6 za mwisho ndizo za kuongeza chakula, hasa kwa wenye mapacha. Anayewaambia "ana tumbo kubwa, ameshiba" hajui mapacha wanavyolibana tumbo la chakula.

5. Ukimkuta kalala chali, miguu juu, mgeuze na umshikilie mpaka asimame sawasawa. Gesi inamjaa tumboni na inaua. Picha utapiga baadaye. (Mhusika anajijua.)

6. Acheni kuwaita wajinga. Tangu wafugwe huko Asia ya Magharibi, miaka zaidi ya 10,000 sasa, tumewala, tumevaa sufu yao, tumewatoa sadaka, tumewahesabu ili tupate usingizi, na shukrani yetu ni kuligeuza jina lao tusi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge waliwafundisha kondoo kutambua sura ya Barack Obama pichani, nao wakaitambua. Sasa wewe unayewadunga sindano kwa vurugu, kisha unalalamika kwamba wanakukimbia wewe tu: ndiyo, wanakujua. Wiki hii ndoo ya pumba mwachie mwenzako.