Matokeo ya ubingwa wa taifa: anza na mstari wa mwanao, safu ya nafasi itasubiri

Mwaka wa kwanza binti yangu alipofuzu kucheza ubingwa wa taifa wa jimnastiki, nilikosea hata kabla mashindano hayajaisha. Kundi lake lilicheza asubuhi. Lilipomaliza, ubao wa matokeo ulimwonyesha akiwa wa tisa, nami nikaupiga picha na kuituma kwa ukoo mzima. Pongezi zikamiminika. Sikujua kwamba makundi mawili yalikuwa bado, na kwamba waliofuzu kwa alama kubwa walikuwa wamepangwa humo. Jioni, karatasi rasmi ilipobandikwa, alikuwa wa 23 kati ya 31. Bibi yake akapiga simu kuuliza imekuwaje mtoto kaporomoka hivyo, na mtoto mwenyewe alikuwa kiti cha nyuma, anasikia kila neno.

Wala hakuwa ameporomoka. Alama zake za saa sita mchana ndizo zilezile za saa moja usiku. Waliobadilika ni watu waliokuwa juu yake, na hao hakuna alichoweza kuwafanya.

Nimekwenda mashindano hayo mara tatu sasa, na nawaandikia wazazi wenzangu mnaokwenda mara ya kwanza. Karatasi ya matokeo inaweza kusomwa kwa njia mbili. Unaweza kuanza juu, kwa bingwa, ukashuka jina kwa jina mpaka ufike kwa wako. Macho yote hukimbilia huko, na huko ndiko maumivu mengi yanakotoka. Au unaweza kulitafuta jina la mwanao, ukaweka kidole juu yake, ukaenda nacho kulia. Ukienda kulia utakuta habari za mtoto wako. Ukishuka kutoka juu, utasoma habari za watoto wa watu wengine.

Ili mstari huo ukupe maana, lazima ujue umeandikwa nini. Wasichana hucheza vifaa vinne: meza ya kurukia, vyuma viwili vya urefu tofauti, boriti na sakafu. Wavulana wana sita: sakafu, farasi wa vishikio, pete, meza ya kurukia, vyuma sambamba na chuma cha juu. Kila kifaa kina alama mbili zinazojumlishwa. Ya kwanza ni ya ugumu, yaani thamani ya yale aliyoyafanya. Ya pili ni ya utekelezaji. Hiyo huanzia 10 na majaji wanakata: 0.1 kwa kosa dogo kama goti kulegea kidogo, 0.3 kwa kosa la kati, 0.5 kwa kosa kubwa, na 1.0 kwa kuanguka. Pembeni kuna adhabu ndogondogo, kama 0.1 kwa kukanyaga nje ya mstari wa sakafu kwa mguu mmoja. Kwenye madaraja ya chini mahali pengi alama nzima bado huanzia 10, kwa hiyo muulize kocha mapema mwanao anachezea utaratibu upi.

Wazee nyumbani watakuuliza kwa nini hakuna tena anayepata kumi. Waambie ule ulikuwa mfumo wa zamani, uliompa Nadia Comăneci wa Romania kumi yake kwenye Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, ubao ukaandika 1.00 kwa sababu haukuwa na nafasi ya tarakimu zaidi. Tangu 2006 mashindano makubwa yanatenganisha ugumu na utekelezaji.

Sasa nirudi kwenye mstari wa binti yangu mwaka ule wa kwanza, maana niliusoma vizuri baada ya wiki nzima, na ninajuta wiki hiyo. Kuruka, 12.100. Vyuma, 11.000. Sakafu, 11.850, na ndani yake adhabu ya 0.1 ya kukanyaga nje. Boriti, 9.500: ugumu 3.9, utekelezaji 5.6. Jumla 44.450. Nilichokuwa nimekiona ukumbini ni kwamba alianguka boriti mara mbili. Boriti ile ina upana wa sentimita 10 na iko mita 1.25 juu ya ardhi, na kila alipodondoka mimi nilifumba macho. Usiku ule nilimwambia, kwa nia njema kabisa, "Usingeanguka ungekuwa wa kumi na moja." Nilikuwa nimepiga hesabu kwenye simu: ongeza 2.0, unapata 46.450, tazama ilipo kwenye safu.

Naomba usimwambie mwanao maneno hayo. Hesabu ile si ya kweli, kwa sababu walioanguka siku ile walikuwa wengi, na ukimrudishia wako alama zake lazima uwarudishie wote. Halafu mtoto wa miaka kumi na mmoja hasikii hesabu. Anasikia kwamba nafasi ya kumi na moja ilikuwa yake na ameitupa.

Kocha wake ndiye aliyenionyesha kilichokuwa kwenye mstari. Alichukua ile 5.6, akairudishia maanguko mawili, ikawa 7.6. Akasema: "Kwa hiyo ukiacha maanguko, majaji walimkata 2.4 tu boritini. Kwenye vyuma hakuanguka hata mara moja, na kule pia utekelezaji wake ni 7.6. Mama, umbo lake boritini ni zuri kama kwenye vyuma. Kinachomwangusha ni woga wa zoezi moja." Nilikuwa nimekaa na karatasi ile siku saba nikidhani boriti ndiyo udhaifu wake.

Mwaka wa pili alipanda kundi la umri. Akawa wa 26 kati ya 38. Anayesoma safu atasema amerudi nyuma. Mstari wake ulisema hivi: kuruka 12.200, vyuma 10.900, boriti 12.000, sakafu 11.800, jumla 46.900. Alama 2.450 zaidi ya mwaka uliotangulia, na zote zimetoka boritini. Tena si kwa kutoanguka tu, maana ugumu ulikuwa umepanda kutoka 3.9 hadi 4.3 na utekelezaji ukawa 7.7. Alikatwa 2.3 akicheza mambo magumu zaidi kuliko yale aliyokatwa 2.4. Mwaka huo nilikuwa nimejifunza, nikamwonyesha namba hizo mbili peke yake. Alizitazama kwa muda mrefu, akaikunja karatasi na kuitia kwenye mkoba wake wa mazoezi. Mpaka leo imo humo.

Tahadhari moja kuhusu kulinganisha miaka: kanuni za alama hubadilishwa kila baada ya Olimpiki, na mabadiliko ya karibuni yalianza kutumika 2025. Kwa hiyo alama ya kabla na ya baada usiziweke pamoja. Hata ndani ya kipindi kimoja, meza moja ya majaji inaweza kuwa kali kuliko nyingine. Mimi huangalia zaidi uwiano ndani ya siku moja: kifaa hiki dhidi ya kile, mikono ileile, majaji wa ukumbi uleule.

Kuna wazazi watakaokwambia kwamba vipande hivi vya sehemu ya kumi ni kujisumbua bure. Wakumbushe fainali ya wanaume ya jumla ya vifaa vyote, kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Oleg Verniaiev wa Ukraine alifika kwenye kifaa cha mwisho, chuma cha juu, akimwongoza Kōhei Uchimura wa Japani kwa 0.901. Uchimura akapata 15.800 na kutua kama msumari. Verniaiev akatua, akasogea, akapata 14.800. Dhahabu ikaenda Japani kwa tofauti ya 0.099. Makocha wanaporudia kutua mara mia kwa siku hadi watoto wanalia kuchoka, wanahangaikia kitu cha ukubwa huo.

Na ukidhani majaji wamemwonea mwanao? Mwaka wa pili niliinuka kitini nikitaka kwenda mezani kwao kwa sababu ya ile 10.900 ya vyuma. Kocha alinizuia kwa mkono. Mzazi hana njia ya kwenda mezani. Anayeomba marejeo, yaani alama itazamwe upya, ni kocha, na chini ya kanuni za kimataifa huomba kuhusu alama ya ugumu peke yake. Utekelezaji haukatiwi rufaa. Na muda wake ni mfupi mno. Kwenye Olimpiki ya Paris 2024, katika fainali ya sakafu, Jordan Chiles wa Marekani alipandishwa kutoka 13.666 hadi 13.766 baada ya kocha wake kuomba marejeo, na kutoka nafasi ya tano akawa wa tatu. Siku chache baadaye mahakama ya usuluhishi wa michezo ikasema ombi lilichelewa kwa sekunde 4 kupita dakika moja iliyoruhusiwa, na medali ya shaba ikapewa Ana Bărbosu wa Romania. Kesi haikuishia hapo. Mimi huwafikiria wale wasichana wawili, kila mmoja akiwa amecheza vilivyo, na watu wazima ndio waliokuwa wakivutana kuhusu saa. Tangu nisome habari ile sijainuka tena kitini.

Gari la kurudi nyumbani ndilo sehemu ngumu kuliko zote, na ushauri wangu hapo ni mfupi. Usianze wewe. Maji, chakula, blanketi. Akitaka kusema atasema. Karatasi iache kwenye mkoba hadi kesho yake angalau, na simu za ndugu zipokelewe ukiwa umeshuka. Mimi sasa huwaomba mapema wasiulize nafasi, waulize ni kifaa gani amekifurahia. Mjomba wake ndiye aliyenielewa haraka. Bibi alichukua miaka miwili.

Mwaka huu wa tatu mstari wake ulikuwa na mapengo. Kifundo cha mkono kilikuwa kinamuuma wiki tatu kabla, daktari akasema asikitegemee kwa kuruka wala kwenye vyuma, na kocha akapanga naye mchezo mpya wa boriti usiolazimu mkono kubeba mwili. Sakafu pia tukaiacha. Kwenye orodha ya jumla jina lake likawa mkiani kabisa, maana kifaa kimoja hakiwezi kushindana na vinne. Wapo walionishangaa kwamba tumesafiri umbali wote ule kwa sekunde tisini. Nilikumbuka Simone Biles, bingwa wa Marekani, alivyojitoa kwenye fainali ya timu kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, alipogundua hewani kwamba mwili haujui uko wapi. Kama bingwa wa aina ile aliweza kuacha vifaa na dunia nzima inatazama, mtoto wangu anaweza kuacha vitatu.

Alicheza boriti bila kuanguka. Fainali huchukua wanane, yeye akawa wa tisa, ndiye akiba. Siku iliyofuata alijinyoosha na kupasha mwili kama wengine, akakaa kando na koti lake la michezo akingoja kama kuna atakayeumia, na alipoona wote wanane wamepanda salama akaanza kuwapigia makofi.

Garini sikusema kitu. Tulikuwa tumekwenda karibu saa nzima aliponiomba karatasi. Nilimtazama kwenye kioo. Aliweka kidole kwenye jina lake, akaenda nacho kulia polepole, halafu akapanda nacho mstari mmoja tu juu.

"Mama, huyu wa nane utekelezaji tuko sawa. Kanizidi ugumu tu, sehemu mbili za kumi."

"Unajua amezipata wapi?"

"Najua. Ile sarakasi ya pembeni. Ninayo, lakini bado naifanyia chini kwenye mstari, sijaipandisha boritini." Akaikunja karatasi, akauliza kama kuna chakula kilichobaki.