Re: Redio ya masafa mafupi kukatika mchana, Tukuyu

Salaam mkuu. Unasema redio hunyamaza ghafla mchana, nusu saa hivi, kisha inarudi. Je, ni jua? Anza na saa. Fungua grafu ya eksirei (miale ya X itokayo kwenye jua) ya NOAA, shirika la Marekani la bahari na anga. Inatumia UTC, yaani saa ya kimataifa, kwa hiyo saa saba mchana ya huku Mbeya pale inasomeka 10:00. Ukikuta kilele cha daraja la M au X (milipuko mikubwa) wakati huohuo, ni mlipuko wa jua. Mimi huhakikisha kwa kuhamia masafa ya juu zaidi: megahezi 17 hurudi mapema kuliko 7. Kp iache kwanza, hiyo ni namba ya kupimia dhoruba ya sumaku ya dunia, na wingu la chembe za jua linaloileta huchukua siku moja hadi tatu kufika. Redio ikinyamaza hivyo usiku pia, si mlipuko wa jua; kagua waya wa antena, hasa maungio yaliyolowa mvua. Bila kuiona siwezi kusema zaidi.