Usitume kazi kwenye klasta kisha ukaenda zako

Ijumaa moja, saa kumi na moja jioni, nilituma kazi kwenye klasta (kompyuta nyingi zilizounganishwa, watu wengi wanazitumia kwa foleni), nikafunga laptopu, nikaondoka. Nilikuwa napanga vipande vya DNA ya mihogo juu ya jenomu yake (DNA yake yote), sampuli za mashamba yenye batobato na yenye michirizi ya kahawia. Nilikadiria itachukua siku mbili. Jumatatu asubuhi nikafungua nikitarajia matokeo, nikakuta neno moja: OUT_OF_MEMORY, kumbukumbu imeisha. Nikatazama ilikaa hai kwa muda gani. Dakika 52. Kwa foleni ya magari ya siku ile, kazi ilikufa hata sijafika nyumbani, na mimi wikiendi nzima nawaambia watu mashine inachapa kazi.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimeomba kumbukumbu (RAM) ya GB 32. Ndani ya skripti, bwa, programu inayopanga vipande juu ya jenomu, ilikuwa inamwaga matokeo moja kwa moja kwa samtools, inayoyaweka kwa mfuatano, na samtools nilikuwa nimeiandikia hivi:

samtools sort -@ 8 -m 4G

Nilidhani nimeipa GB 4. Kumbe ile -m ni ya kila uzi (thread, mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu), si ya programu nzima. Nyuzi 8 mara GB 4 ni GB 32, yaani samtools peke yake ilikuwa na ruhusa ya kumaliza mgawo wote, bwa haijahesabiwa. Kerneli ya Linux, moyo wa mfumo unaoendesha seva, haibembelezi: ukivuka ulichoomba, inaua.

Nikafanya wanachofanya watu wengi wakishaungua mara moja. Nikaomba GB 200. Kazi ikakaa kwenye foleni siku mbili, ikaanza, ikaenda vizuri. Siku hiyo hiyo nikapata ujumbe kutoka kwa kijana anayesimamia seva zetu: "Dada, samahani. Umekodi basi zima kubeba kikapu kimoja. Unatumia GB 36, na watu wamesimama kituoni tangu jana." Nilikasirika kwa kama nusu saa. Halafu nikamwandikia: "Kaka, nifundishe kuangalia hicho unachokiona wewe." Mengi ya yafuatayo yalianzia hapo.

Klasta yetu inaendeshwa na Slurm, programu ya kupanga foleni ya kazi iliyoanzia maabara ya Lawrence Livermore huko California, na siku hizi klasta nyingi za utafiti zinaitumia. Kama ya kwenu inatumia PBS, programu nyingine ya aina hiyo, kama ile klasta ya Lengau ya Cape Town (jina hilo ni duma kwa Kitswana), amri zitabadilika, qstat badala ya squeue, lakini mambo ya kutazama ni yale yale.

Siku hizi nikishatuma kazi siondoki mezani mpaka niione ikitembea kwa dakika kumi. Kwanza squeue -u $USER, nijue imeanza au bado. PD maana yake inasubiri, R inakimbia. Kama inasubiri, safu ya mwisho inakwambia sababu: Priority ni kwamba kuna walio mbele yako, Resources ni kwamba nafasi uliyoomba haijapatikana bado. Ukiona Resources kwa muda mrefu, jiulize kama kweli unahitaji ulichoomba.

Ikishaanza, nauliza imekula kiasi gani (48213 ni namba ya kazi):

sstat -j 48213.batch --format=JobID,MaxRSS,AveCPU

Lile neno .batch mwishoni lilinitesa wiki nzima. Kama skripti yako haitumii srun (amri ya Slurm ya kuanzisha programu) ndani yake, ukiandika namba tupu sstat inakurudishia vichwa vya safu na utupu chini yake, nawe utadhani kazi haitumii chochote. MaxRSS, yaani kilele cha kumbukumbu iliyotumika, huja kwa kilobaiti, kitu kama 23068672K. Gawanya kwa 1048576 upate GB. Hiyo ni 22.

Sasa hapa pana mtego ambao sikuwahi kuambiwa mapema. Slurm haitazami kumbukumbu kila sekunde. Kwa mpangilio wa kawaida inachungulia kila baada ya sekunde 30. Programu ikipanda ghafla kwa sekunde tano ikavuka mpaka, kerneli inaiona na kuiua pale pale, lakini Slurm ilikuwa bado haijachungulia. Ndiyo maana unaweza kukuta kazi imekufa kwa kukosa kumbukumbu huku MaxRSS inasema ilitumia GB 25 kati ya 32. Si uongo na si hitilafu ya seva. Nimeona watu wakibishana na wasimamizi kwa jambo hili, na mimi nikiwemo.

Kumbukumbu ndiyo inayoua kazi, basi kila mtu anaiogopa. Kinachopotea kimya kimya ni viini vya prosesa (core). (Kuna wanaosema "koa" kwa kufuata matamshi. Mimi koa namjua ni yule mdudu wa bustanini asiye na nyumba mgongoni, basi nitabaki na viini.) Unaomba viini 16, unasahau kuandika -t 16 kwenye bwa, na bwa isipoambiwa hutumia uzi mmoja. Kazi haifi, hailalamiki. Inatembea tu polepole na viini 15 vimekaa bure kwa jina lako. Wanaotumia R wajue kwamba skripti ya kawaida ya R nayo ni ya uzi mmoja. Kuiombea viini 16 hakuiongezei kasi hata kidogo.

Kuliona hili ukiwa ndani ya kazi yenyewe, fanya hivi:

srun --jobid=48213 --overlap --pty top

Slurm za zamani hazitambui --overlap, ikigoma, iondoe. Utaona programu zako zikiwa hai kwenye nodi, yaani kompyuta moja ya klasta. Tazama safu ya %CPU. Programu moja inayotumia viini 16 barabara itakaribia 1600. Ukiona 100 na uliomba 16, simamisha kwa scancel, rekebisha, tuma upya. Usiihurumie kwa sababu imeshakimbia saa tatu. Safu ya VIRT ipuuze, huwa inaonyesha namba za kutisha ambazo hazina maana kwako. Kumbukumbu halisi iko RES.

Kisha angalia safu ya S, herufi moja tu. R ni kwamba inafanya kazi. Ukiona D, na ukirudi baada ya dakika moja bado ni D, programu yako haihesabu chochote, inasubiri diski. Kwetu hili lilitokea sana kwa sababu kazi zote zilisoma na kuandika kwenye diski ile ile ya mtandao. Ukiongeza viini hapo ni sawa na kuongeza wapishi wakati bomba la maji ni moja. Dawa iliyonifaa ilikuwa kunakili mafaili kwenye diski ya nodi yenyewe mwanzoni mwa skripti, kufanya kazi huko, na kurudisha matokeo mwishoni.

Python ina ugonjwa wa kinyume. NumPy, maktaba yake ya hesabu, mara nyingi hufungua nyuzi nyingi kuliko viini ulivyopewa, zinagombania nafasi finyu, na kazi inakwenda taratibu kuliko kama ungetumia uzi mmoja. Weka mstari huu kabla ya kuita Python:

export OMP_NUM_THREADS=$SLURM_CPUS_PER_TASK

Kwa wenye GPU (kadi ya michoro inayotumika kwa hesabu) nina neno moja tu, kwani mimi si mtumiaji mkubwa. Ukifungua nvidia-smi, amri inayoonyesha hali ya kadi, kumbukumbu kujaa si ushahidi wa kazi. TensorFlow, programu ya kufundisha mashine, kwa kawaida hujichukulia karibu kumbukumbu yote ya kadi mara inapoanza. Tazama asilimia ya matumizi. Ikikaa sifuri, kadi imelala.

Kazi ikiisha, ndipo hesabu. seff 48213 inakupa asilimia mbili, ya prosesa na ya kumbukumbu, lakini si kila klasta inayo, na ukiiita kazi ikiwa bado inakimbia namba zake hazitegemeki. sacct ipo popote palipo na daftari la matumizi la Slurm:

sacct -j 48213 --format=JobID,State,Elapsed,TotalCPU,AllocCPUS,ReqMem,MaxRSS

Kazi yangu moja ilikaa saa 10 kwa viini 16, yaani nilikuwa na saa 160 za prosesa mkononi. TotalCPU, muda ambao prosesa zilifanya kazi kweli, ilisema saa 21. Asilimia 13. Niliichapisha karatasi ile nikaibandika juu ya meza.

Kuomba kiasi halisi kuna faida kwako mwenyewe, achana na uungwana. Slurm ikiwa inasubiri nafasi ya kazi kubwa, huchomeka kazi ndogo kwenye mapengo, ilimradi zitaisha kabla ya ile kubwa kuanza. Kazi ya GB 14 na saa 6 hupenya. Ya GB 200 na siku 7 hukaa nje. Ila usibane muda mno: wewe mtumiaji unaweza kuupunguza kazi ikiwa inakimbia, kuuongeza ni mpaka umwombe msimamizi.

Nilipokuwa na sampuli 96, nilianza na moja tu. Nilishusha samtools hadi -@ 4 -m 2G, nikakaa nayo, nikaona inafika GB 11. Nikaongeza kama robo ya tahadhari, nikaomba 14. Zilizobaki nikazituma kwa --array=2-96%8, yaani ya 2 hadi ya 96, nane kwa wakati mmoja, wenzangu nao wapate pa kupita. Nikaongeza --mail-type=END,FAIL, mstari ambao ungeniokolea ile wikiendi. Umeme ulikatika kwetu usiku ule na intaneti nayo ikaondoka, lakini kazi iliyotumwa kwa sbatch, amri ya Slurm ya kutuma kazi, inaishi kwenye klasta, haijui kama laptopu yako imezimika.

Asubuhi nilikuta zimebaki chache. Moja tu ilikuwa imekufa, ya 61, na safari hii neno lilikuwa TIMEOUT. Faili lake lilikuwa mara tatu ya mengine, kumbukumbu ilitosha, saa hazikutosha. Nikairudisha peke yake kwa --array=61 --time=18:00:00, nikaitazama dakika kumi, nikaenda kutafuta chai.