Mweupe unaozama shimoni

Ndugu yangu, unasema kwenye pool unaingiza mipira vizuri ila mweupe, ule unaopigwa kwa fimbo, nao unazama nyuma yake, na ukibakiza nane, mpira mweusi wa kumalizia, unakwama. Shabaha unayo, kinachokuangusha ni mweupe. Ukiupiga juu ya kitovu, yaani katikati yake, lazima uufuate mpira unaouingiza. Mweupe, mpira na shimo vikiwa vimenyooka mstari mmoja, shusha ncha ya fimbo chini kidogo ya kitovu, piga kavu: mweupe unasimama palepale. Na chaki kila pigo, ncha isiteleze. Mimi nilikaa wiki nzima na pigo hilo moja, asubuhi meza ikiwa tupu. Halafu, kabla hujaanza kusafisha meza, chagua mpira utakaokupeleka kwenye nane, uuache wa mwisho kabla yake. Mpira wako ulio mdomoni mwa shimo usiukimbilie. Unamzibia mwenzako njia.