Nahodha alilipwa nini, na boti ilikuwa chini ya nani?

SWALI: Shikamoo Mzee. Mwanangu amemaliza masomo ya ubaharia na anatamani boti za doria za forodha. Juzi kwenye matatu abiria mmoja alishikilia kwamba zamani huko Marekani boti hizo zilikuwa chini ya karani wa bandari, si nahodha. Ni kweli? Na mishahara je?
Mama Riziki, Buruburu, Nairobi

JIBU: Marahaba, Mama Riziki. Abiria huyo hakukosea sana, ila aliyesimamia boti hizo hakuwa karani. Alikuwa mkusanya ushuru mkuu wa bandari. Sheria ya Agosti 4, 1790, enzi za Waziri wa Fedha Alexander Hamilton, iliruhusu boti zisizozidi 10. Nahodha alipata dola 30 kwa mwezi na posho ya chakula sawa na ya kapteni wa jeshi. Wasaidizi wake watatu walipata 20, 16 na 14. Baharia 8, kijana wa kazi 4. Hiyo 8 inaniuma hadi leo, maana baharia ndiye aliyelowa usiku kucha.

Fedha zilitoka kwenye ushuru wenyewe, na kila bandari iliendesha mambo kivyake hadi 1843, ilipoundwa ofisi moja Washington chini ya Kapteni Alexander Fraser.

Nilipokuwa kazini pwani niliona boti nzuri ikilala gatini wiki tatu kwa kukosa sahihi ya mafuta. Kwa hiyo mwanao asiulize mshahara tu. Aulize pia nani anatia sahihi ya mafuta na matengenezo.