Sokoke na Mida kwa siku moja: tazama mwezi kwanza

Dada uliyeuliza kama huku Malindi kuna mahali pa kutembea na watoto wawili, penye maji na miti "kama misonobari ya Kinale" uliyoiona pichani, na kama ni lazima kumchukua mwongozaji: mimi ni mzaliwa wa hapa, na Mida nimeanza kwenda tangu utoto. Nakujibu kwa niliyoyapitia.

Hiyo miti uliyoiona pichani ni mivinje. Watu wameipanda kwa ajili ya boriti na kuni. Zile sindano zake si majani hasa, ni vijitawi; jani lenyewe ni kigamba kidogo mno. Kivuli chake ni kizuri, ila usije mbali hivyo kwa ajili ya mivinje. Njoo kwa Msitu wa Arabuko-Sokoke na hori ya Mida, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu.

Nianze na Mida, maana ndiko wageni wanakopoteza siku. Mwaka mmoja niliwapeleka wapwa zangu saa nne asubuhi, siku ya pili baada ya mwezi kuandama. Maji yalikuwa yamepwa kabisa. Mbele yetu tope tupu, na ndege wamekuwa vidoa kule mbali. Mdogo wao alishuka, akazama mpaka magotini, ndara moja ikabaki chini, akalia njia nzima ya kurudi. Iliniuma, kwa sababu mwezi niliuona usiku ule na sikuufikiria.

Kwetu siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa karibu saa nne au tano asubuhi na kujaa karibu saa kumi au kumi na moja jioni. Ndani ya Mida huchelewa kidogo. Kila siku ongeza kama dakika 50. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: hujaa asubuhi, ila hayapandi sana. Wewe fika maji yakiwa yanaingia. Kuna daraja la mbao linaloning'inia katikati ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege, na ada yake husaidia karo ya wanafunzi wa sekondari wanaoishi kandokando ya msitu na hori. Kaeni pale kimya. Maji yanapopanda huwasukuma ndege kuja upande wenu, hatua kwa hatua. Tangu karibu Septemba hadi Aprili wapo wanaotoka mbali, hata Siberia. Waonyeshe watoto yule mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene, mla kaa: huzaliana pwani za Arabuni na kandokando yake, na hutaga ndani ya shimo alilochimba mchangani. Kisha waambie walambe jani la mchu, aina mojawapo ya mikoko. Lina chumvi, kwa kuwa mti huo huitoa kupitia majani. Wapwa zangu hawakusahau hilo hata walipokwisha kusahau ndara.

Msituni ni kinyume: huko mwenye amri ni jua. Uwe kituo cha msitu cha Gede saa kumi na mbili asubuhi. Kufika saa tatu, joto limeshika na ndege wamenyamaza. Msitu ni kama kilomita 420 za mraba, na utauona ukibadilika chini ya miguu: kwenye mchanga mweupe kuna miti ya mirihi iliyoachana, jua linapenya, ukiingia udongo mwekundu miti inabanana na kichaka kinakuwa kizito.

Mwongozaji, ndiyo, mchukue. Tembo wapo, na njia zinafanana. Isitoshe macho yako hayatoshi. Mara ya kwanza nilipita hatua tatu tu kutoka kwa bundi mdogo wa Sokoke, aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 1966, nisimwone. Mwongozaji alinishika bega, akanielekeza kidole, na bado nilichukua dakika nzima kumtofautisha na jani kavu. Sange mwenye kiuno cha dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, utamsikia kabla hujamwona, akichakarisha majani makavu. Mkimsikia, simameni. Mkikimbilia, mmemkosa.

Mchana pumzikeni kwenye magofu ya Gede, mji wa kale wa Waswahili, kuna kivuli, na hapo hapo pana mradi wa Kipepeo, ambako wakulima wa kando ya msitu huuza pupa za vipepeo (kiwavi akiwa amejifunga kabla ya kuwa kipepeo) tangu miaka ya 1990. Saa nane mshuke Mida, kama ni bamvua.

Viatu vya kufunga, si ndara. Nguo za mikono mirefu kwa ajili ya mbu. Maji mengi kuliko unavyodhani, hasa ya watoto. Andika hapa tarehe mtakayofika, nitakuangalizia maji yanajaa saa ngapi.