Kiraka, flapu na ruba: maswali yenu kuhusu kuziba palipoliwa na ugonjwa au ajali

Haya jamani, niliomba maswali kuhusu upasuaji wa kurekebisha, sio ule wa kuongeza makalio, ule wa baada ya moto, ajali au kansa, mkaleta mengi kweli. Nimechukua manane. Mimi ni nesi wa wodi, sio daktari bingwa, kwahiyo naongea ya wodini, kidonda chako wewe atakusemea yule aliyekiona kwa macho.

Baba ametolewa kansa ya ngozi kichwani hadi fuvu linaonekana. Daktari anasema kiraka hakitashika, lazima flapu. Kuna tofauti au ni kuongeza bili tu?

Tofauti ipo na ni kubwa. Kiraka ni ngozi tupu, haina mshipa wowote wa kwake, siku mbili za kwanza inaishi kwa kufyonza majimaji ya kidonda kama kitambaa, alafu ndio mishipa midogo ya chini inaanza kuungana nayo kuanzia siku ya tatu hivi. Sasa fuvu likishavuliwa ule utando unaolifunika, kiraka kitafyonza nini? Kinakauka kinakuwa cheusi basi. Kano iliyovuliwa utando wake nayo ni hivo hivo. Flapu ni kipande cha ngozi na nyama, hata mfupa, kinachohamishwa pamoja na mshipa wake wa damu, yaani kiraka ni mgeni anayekuja mikono mitupu, flapu ni mgeni aliyebeba chakula chake. Ipo njia ya katikati, wanakwangua tabaka la juu la fuvu mpaka litokwe na vidamu, wanasubiri nyama nyekundu iote wiki kadhaa ndio wanaweka kiraka, muulize daktari kama kwa baba inafaa, hasa kama ni mzee na hawezi kukaa nusukaputi muda mrefu.

Nimeungua mkono, wakanichuna ngozi ya paja. Mbona paja linauma kuliko mkono wenyewe?

Hilo swali nalisikia kila wiki na bado wagonjwa hawaambiwi mapema. Pale pajani wamechuna tabaka jembamba sana, halifiki hata nusu milimita, kwa hiyo ncha za neva zimebaki wazi zinapigwa na upepo, ni kama mtu aliyeanguka na pikipiki akakwaruzika eneo kubwa. Habari njema ni kwamba mizizi ya nywele na vitezi vya jasho vimebaki chini na ngozi mpya inaota kutokea humo, siku 10 mpaka 14 unakuta pamefunga. Ile bandeji ikigandana na paja USIIBANDUE, acha iachie yenyewe ukikata kata pembeni palipoinuka. Na ule mkono msichungulie! Nilikuwa na kijana mmoja kila nikigeuka anaingiza kidole chini ya bandeji ahakikishe "kimeshika", siku ya tano tunafungua, kila sehemu kidole kilipopita kiraka kimeteleza, mana vile vimishipa vipya ni kama uzi wa buibui.

Mama yangu pua imeliwa na kansa. Wanataka kutumia ngozi ya paji la uso. Si watamharibia na uso mzima?

Paji ndio lenye ngozi inayofanana na ya pua kwa rangi na unene, hakuna paja wala tumbo litakalofanana hivo. Na sio majaribio, wahindi walikuwa wanafanya hii zamani sana, gazeti moja la London liliichapa na picha mwaka 1794 ndio wazungu wakaanza kuiga. Kinachotisha ni ile kati: wanakata kipande cha paji, wanakigeuza kishuke puani huku kimeshikilia kwenye nyusi kwa kishina chenye mshipa, na hicho kishina anakaa nacho kama wiki tatu, kinaonekana kama mkonga mdogo umepita kati ya macho. Waandaeni wajukuu kabla hajarudi nyumbani, mtoto akipiga kelele mlangoni bibi haendi tena popote. Pua ikishapata mishipa yake kishina kinakatwa, kovu la paji linabaki kamstari.

Mume wangu atatolewa taya, wanasema watatengeneza lingine kwa mfupa wa mguu. Atatembea?

Atatembea. Mguu chini ya goti una mifupa miwili, uzito karibu wote unabebwa na ule wa ugoko, ule mwembamba wa nje ndio wanaoukopa, wanaacha vipande vya juu na chini ili goti na kifundo visilegee. Wengine kidole gumba cha mguu kinakuwa dhaifu au kifundo kinakaza kidogo, mazoezi yanasaidia. Mfupa unakatwa vipande, unafungwa na vyuma upate umbo la taya, alafu mshipa wake wenye upana wa milimita mbili hivi unashonwa na mshipa wa shingoni chini ya hadubini kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Kazi ya kutwa nzima hiyo, mkisubiri nje msidhani kuna baya.

Sasa usiku wa kwanza ndio wetu. Kila saa tunaenda na tochi, nagusa kama kuna joto, nabonyeza kidole naachia nahesabu, damu irudi ndani ya sekunde mbili tatu, alafu naweka kale kamashine ka kusikiliza damu ikipita kwenye mshipa, kanatoa shwaa, shwaa, shwaa, hakuna muziki mtamu kama huo saa tisa usiku. Vitabu vinasema angalia rangi, ikipauka damu haiingii, ikiwa zambarau haitoki, lakini vingi vimeandikwa kwa ngozi nyeupe, kwenye ngozi nyeusi rangi inakudanganya. Ndio mana daktari anaweza kuchoma na sindano: damu nyekundu ikitoka taratibu tunashukuru, nyeusi ikichuruzika haraka mshipa wa kurudisha umeziba, isipotoka kabisa hapo ni kukimbia thieta, na kukimbia maana yake sasa hivi sio asubuhi. Kwahiyo mkiona tunamuamsha amsha msitukasirikie.

Nimesikia hospitali zinatumia ruba. Uchawi huo?

Hahaha hapana. Wakati mwingine damu inaingia kwenye flapu au kidole kilichorudishiwa lakini haina njia ya kutoka, inavimba inageuka zambarau. Ruba anafyonza ile damu iliyotuama, na mate yake yana dawa inayozuia damu kuganda, akishashiba akadondoka pale panaendelea kuchuruzika masaa, inanunua siku kadhaa mpaka vimishipa vipya viote. Marekani waliwaidhinisha rasmi mwaka 2004. Wanafugwa maalum, mmoja anatumika mara moja tu, na mgonjwa anapewa antibayotiki mana tumboni mwa ruba kuna bakteria. Kazi ya nesi ni kuwahesabu, ruba akipotea kwenye shuka wodi nzima hailali.

Naweza kumpa mdogo wangu ngozi yangu?

Mwili wake utaikataa, labda muwe mapacha wa kufanana kabisa. Ngozi ya mtu mwingine inatumika kwa aliyeungua sana lakini kama bandeji ya muda tu. Kitu ambacho wengi hawajui, figo ya kwanza kufanikiwa, mwaka 1954 kati ya mapacha kule Boston, alipandikiza Joseph Murray ambaye alikuwa daktari wa mambo haya haya, alianza kujiuliza kwa kuangalia viraka vya ngozi vya wanajeshi walioungua.

Noma ni ugonjwa kweli?

Kweli, na sio ile noma ya kijiweni. Unaanzia kwenye ufizi wa mtoto mwenye utapiamlo, mara nyingi baada ya surua, siku chache tu shavu linatoboka. Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika Desemba 2023. Ukiwahi, ufizi ukiwa unatoa damu na kunuka, antibayotiki na lishe vinatosha. Ukichelewa wengi hufariki, na anayepona anasubiri miezi mingi ugonjwa utulie ndio azibwe shavu kwa flapu, na taya likiwa limekaza mdomo haufunguki, hata kumpa nusukaputi ni kazi.

Nafanyiwa flapu mwezi ujao. Sigara moja moja si mbaya?

Mbaya. Nikotini inabana mishipa, na wewe unaenda kutegemea kimshipa cha milimita mbili. Acha leo, wiki nne kabla ndio kiwango wanachotaka, na usimdanganye daktari akikuuliza. Shisha nayo ni sigara, mana najua hilo ndio swali linalofuata.